Tusimwogope Anayetibiwa kwa Mionzi

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa wa maoni hutarajia kusoma habari za usafi, chakula cha mchana, ama wale wanaozungumza Sheng' darasani. Leo nawaomba radhi. Nimeshika kalamu kuandika juu ya jambo ambalo mwaka wa 2025, nikiwa Kidato cha Pili, nisingethubutu kulitaja mbele ya wenzangu hata kwa kuahidiwa zawadi. Nataka kuzungumzia saratani ya matiti, na hasa matibabu ya mionzi, ambayo watu wa kwetu huyaita "kuchomwa".

Maoni yangu ni haya, na nayasema mapema ili asiye na nafasi ya kusoma mpaka mwisho asiyakose. Mtu anayepigwa mionzi ya mashine kwa sababu ya saratani ya matiti si hatari kwa mtu yeyote. Isitoshe, huo ndio wakati anaohitaji watu karibu naye kuliko wakati mwingine wowote. Lakini sisi hufanya kinyume. Akipasuliwa tunajaa wodini na matunda. Akianza mionzi tunatoweka, wengine kwa woga, wengine kwa kudhani amepona. Nayajua haya kwa sababu mgonjwa alikuwa mamangu mzazi, na miongoni mwa waliomtenga nilikuwamo mimi.

Wacha nieleze yalivyokuwa. Mama aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto mwaka wa 2024. Alikatwa titi hilo, akapewa dawa za kemo kwa miezi kadhaa, nywele zikanyonyoka zote. Wakati huo kwetu kulijaa watu. Kulifanywa mchango, majirani wakaleta unga na sukari, akina mama wa kanisa wakaja kufua nguo. Sina budi kuwashukuru. Kisha madaktari wakasema bado kuna mionzi, siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, katika hospitali moja kubwa ya umma jijini Nairobi. Sisi twakaa Machakos. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 60 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Kufikia hapo nywele za mama zilikuwa zimeanza kuota tena, laini kama za mtoto mchanga. Watu walipoziona walimshukuru Mungu, wakasema, "Huyu sasa amepona." Basi wakarudi kwenye shughuli zao. Siwalaumu sana. Nani angejua kwamba safari ndefu zaidi ndiyo kwanza inaanza?

Hebu tupige hesabu kidogo. Matatu kutoka Machakos hadi Nairobi tulilipa shilingi 250, na kurudi 250. Gari la mjini kwenda na kutoka hospitalini, shilingi 100. Hiyo ni shilingi 600 kwa siku. Zidisha kwa 25 upate shilingi 15,000, na huyo ni mtu mmoja tu. Akiwa na wa kumsindikiza, ni 30,000. Bima ya SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, ilitusaidia kulipia mashine, lakini bima hailipi nauli ya matatu. Babangu hufanya kibarua cha ujenzi Kitengela, na siku asipofika hakuna malipo. Kwa hivyo mama alikwenda peke yake. Aliamka saa kumi alfajiri, akarudi alasiri ama jioni kutegemea foleni ya hospitali na msongamano wa Mombasa Road. Kesho yake vivyo hivyo. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa niwaambie mionzi hii hufanya nini, maana sikujua, na nadhani wengi hamjui. Chembe za saratani huzaana ovyo ovyo bila kufuata utaratibu wa mwili. Mionzi hupenya ndani na kuharibu chembe za urithi zilizomo, ile DNA tunayosoma katika Biolojia, hata chembe hizo zishindwe kuzaana na mwishowe zife. Chembe nzuri zilizo karibu nazo pia huumia, lakini hizo zina uwezo mkubwa zaidi wa kujitengeneza. Ndiyo sababu dozi hugawanywa vipande vidogo vidogo na kutolewa siku baada ya siku, ili chembe nzuri zipate nafasi ya kupumua. Na ndiyo sababu mgonjwa hafai kurukaruka siku. Akikosa kuhudhuria mara kwa mara, chembe za saratani nazo hupata nafasi ya kupumua. Hata baada ya titi kukatwa, huenda zikabaki chembe chache kifuani ama kwapani ambazo jicho haliwezi kuziona. Hizo ndizo zinazotafutwa.

Kabla ya kuanza, mama alipimwa kwa mashine ya picha na kutiwa alama ndogo za wino kifuani, ili kila siku mionzi ipite mahali pale pale. Ilibidi alale chali, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa, asitikisike. Mkono huo ulikuwa umekakamaa tangu upasuaji, kwa hiyo kila jioni alisimama karibu na ukuta akipandisha vidole polepole kama buibui anayepanda. Mashine yenyewe haiumi. Humzunguka mgonjwa ikinguruma kwa dakika chache tu, akaambiwa amka uvae, tuonane kesho.

Taabu huja baadaye. Kufikia juma la tatu ngozi ya kifua chake ilikuwa imekuwa nyeusi ti kama iliyounguzwa na jua, ikawasha, na kwapani ikaanza kumenyuka. Aliambiwa aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ajipanguse kwa kugusagusa bila kusugua, asijipake kitu bila kuuliza. Jirani mmoja alileta samli, mwingine mshubiri, wote kwa nia njema, ikabidi wakataliwe kwa heshima. Sidiria hakuweza kuvaa. Alivaa shati kuukuu la baba, la pamba, pana, na juu yake akajifunga leso. Kuna watu waliomcheka kwa shati lile. Laiti wangalijua.

Kisha kuna uchovu. Huu si uchovu wa mtu aliyelima. Mtu aliyelima akilala huamka na nguvu. Mama alilala na kuamka vile vile. Alianza kuosha vyombo, akaketi katikati ya kazi, mikono ingali majini. Ndugu yetu mdogo wa miaka miwili akimlilia, alimtazama tu. Na uchovu huu huongezeka kadiri siku zinavyosonga, na huendelea majuma kadhaa hata baada ya siku ya mwisho. Kwa hiyo mkimwona mgonjwa wa mionzi ameketi kivulini saa nne asubuhi, msiseme ni mvivu.

Nafika sasa kwenye sehemu inayonitia haya. Shangazi mmoja alikuja kututembelea, akatuita sisi watoto kando. Akasema mama ana moto wa mashine mwilini, kwamba hafai kumbeba mtoto wala kulala naye, na kwamba tumtengee kikombe na sahani. Mimi ndiye niliyekifunga kikombe cha mama uzi mwekundu kwenye mkono wake ili tusikichanganye na vingine. Nilidhani nawalinda ndugu zangu. Mama aliuona ule uzi siku hiyo hiyo. Hakusema neno. Ila kuanzia hapo hakumbeba tena mtoto, na alianza kulala kwenye kochi.

Shuleni nako nilikuwa na uongo wangu. Nilichelewa mara nyingi kwa sababu ilinibidi kuteka maji, kupika uji na kumpeleka mtoto kwa jirani kabla sijaja shule. Mwalimu wa zamu alinipa nyasi nifyeke. Aliponiuliza kuna nini nyumbani, nilijibu mama anaugua kifua. Neno "titi" lilinikwama kooni. Mvulana wa miaka kumi na mitano ataanzaje kulitamka mbele ya darasa zima? Mkaanza kuninyooshea vidole. Eti kifua! Wenzangu wawili walihamisha viti vyao wakidhani kwetu kuna kifua kikuu. Siwataji, na siwalaumu, maana kosa lilikuwa langu. Nilikimbia aibu ya neno moja nikaangukia aibu nyingine kubwa zaidi. Wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai.

Siku ya kumi na nne mama alirudi saa moja usiku. Mashine ilikuwa imeharibika kwa saa kadhaa. Alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu, akasema, "Kesho siendi." Baba akamkumbusha kwamba amekwisha kupita nusu. Mama akajibu, "Naweza kuvumilia mashine. Siwezi kuvumilia kuwa sumu katika nyumba yangu mwenyewe." Alisema hivyo akiniangalia mimi.

Sikulala. Asubuhi niliamka saa kumi, nikavaa, nikamwambia mama twende, leo nakusindikiza. Nilitumia pesa nilizokuwa nimeweka za kununulia kitabu cha marudio. Nakiri mbele ya walimu wangu kwamba siku hiyo sikuwa shuleni, na mkiniuliza kama najuta, jibu ni la.

Tukiwa hospitalini nilimwona mfanyakazi mmoja akimsaidia mama kupanda kitandani, kisha akatoka mbio na kufunga mlango mzito. Nikamwuliza akiwa nje, "Kama mgonjwa hana hatari, mbona wewe unakimbia?" Hakukasirika. Alinieleza kwamba wakati mashine imewashwa, mionzi imo ndani ya chumba, na yeye hufanya kazi hiyo kila siku kwa wagonjwa wengi, kwa hiyo lazima akae nje akimtazama mgonjwa kwenye kamera. Lakini mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Haibaki hewani, haibaki kitandani, wala haibaki mwilini mwa mgonjwa. Akaniambia, "Kijana, ukimulika ukuta kwa tochi kisha ukaizima, je, ukuta hubaki uking'aa?" Ule mlango ulipofunguliwa aliingia moja kwa moja, akamshika mama mkono na kumsaidia kuvaa lile shati la baba. Hakuvaa glavu, hakusimama mbali.

Nadhani woga wa watu una chanzo chake, wala si upumbavu mtupu. Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua eksirei mwaka wa 1895, na mwaka uliofuata tayari kulikuwa na waliokuwa wakiijaribu kutibu saratani. Siku hizo hawakujua kujikinga. Marie Curie, ambaye pamoja na mumewe waligundua elementi ya radiamu katika mwaka wa 1898, alifariki mwaka wa 1934 kwa ugonjwa wa damu unaohusishwa na mionzi aliyofanya nayo kazi kwa miaka mingi bila kinga. Kwa hiyo mionzi ni kitu cha kuheshimiwa. Kadhalika wapo wagonjwa wa aina nyingine wanaomezeshwa ama kuwekewa mwilini kitu chenye mionzi, na hao daktari huwapa masharti yao ya kufuata. Lakini mionzi ya mashine inayotoka nje ya mwili, kama aliyopigwa mama, haimwachi mtu na chochote cha kuambukiza. Anaweza kupika, kula na wenziwe, kulala na watoto wake na kumbeba mchanga. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumfunga mamako uzi kabla ya kuuliza.

Tuliporudi nyumbani jioni, niliukata ule uzi. Nikamimina chai katika kikombe kile, nikanywa mimi kwanza, nikampa mama. Alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akamwita mtoto. Alimaliza siku zote 25, ingawa zilichukua zaidi ya majuma matano kwa sababu ya sikukuu na mashine.

Najua baadhi yenu mtasema, sisi wanafunzi tunaingiaje hapo? Ugonjwa ni wa watu wazima na madaktari, kazi yetu ni kusoma. Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani. Hatuna bweni la kutuficha. Mama akiugua, uji wa asubuhi ni wetu, maji ni yetu, mtoto ni wetu. Na kwa kuwa saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, na wanaume wachache pia huipata, sidhani mimi ni wa kwanza katika shule hii, wala sitakuwa wa mwisho. Huenda hivi sasa kuna mwenzetu anayesoma ukurasa huu huku akificha lake.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, tutaje ugonjwa kwa jina lake. Sisi ni chama cha Kiswahili. Twajua kuunda mashairi na kubishana juu ya ngeli, lakini neno "titi" linatushinda. Lugha haina kosa. Neno lipo na ni safi, ndilo tulilonyonya. Siku nilipomwendea mwalimu wa zamu na kumwambia wazi kwamba mama ana saratani ya matiti na anatibiwa kwa mionzi, alinyamaza kidogo, akaniambia, "Ungalinieleza mapema, mwanangu." Tangu hapo sikufyeka nyasi tena kwa kuchelewa, na mwalimu wa Hisabati alinifundisha saa ya chakula yale niliyokosa. Walimu wetu wapendwa, sisemi kwa ubaya, lakini mwanafunzi mzuri akianza kuchelewa ghafla, tafadhali mwulizeni faraghani. Mbele ya watu atawadanganya.

Pili, tugawane siku. Michango ya pesa ni mizuri, lakini mgonjwa wa mionzi anahitaji pia zamu. Watu watano wa mtaa mmoja wakikubaliana, kila mmoja achukue siku moja ya juma. Wa Jumatatu asindikize ama atoe nauli, wa Jumanne apike chakula cha jioni, wa Jumatano akae na mtoto, na kadhalika. Katika majuma matano, kila mtu atakuwa ametoa siku tano tu. Haba na haba hujaza kibaba. Nasi wanafunzi tunaweza kumtekea maji mama wa mwenzetu Jumamosi, ama kumnakilia notsi siku asiyofika shuleni. Tena zamu hiyo isikome siku mashine inapokoma, kwa sababu ngozi na uchovu huchukua majuma kutulia.

Tatu, tuache kutenga vikombe. Mkisikia mtu akisema mgonjwa wa mionzi ana moto mwilini, mwambieni habari ya tochi na ukuta. Akibisha, mwambieni yupo mvulana wa Kidato cha Tatu ambaye amekunywa chai katika kikombe hicho tangu mwaka wa 2025, na angali yu mzima, ila Fizikia tu ndiyo inayomsumbua.

Mama yu hai. Huenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, na kila tarehe ikikaribia nyumba yetu hunyamaza. Siwezi kuwaahidi kwamba yamekwisha, maana saratani haitoi hati ya kuhitimu. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile ya kumi na nne, kilichotaka kumwondoa mama kwenye matibabu hakikuwa ngozi iliyomenyuka, wala nauli, wala mashine mbovu. Kilikuwa uzi mwekundu, nao niliufunga mimi.

Wenzangu, msisubiri mpaka yawafike ndipo mjifunze. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Leo ukitoka shule, kama mtaani kwenu yupo mama anayeamka saa kumi kwenda kuchomwa, bisha hodi. Usimwulize kama amepona. Mwulize ni siku gani wiki hii hana wa kwenda naye.

Wenu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu